Tupeane uzoefu: uliwahi kuwasha VPN kwenye intaneti ya meli ya kitalii? Ilikuwaje?

Mpanda Mawimbi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nimeshuka melini wiki iliyopita baada ya siku kumi majini, na kuna jambo bado linanikera. Wakati wa kukata tiketi nilichukua kifurushi cha intaneti cha bei ya chini kabisa, kile cha ujumbe na mitandao ya kijamii tu. Hesabu yangu ilikuwa hii: nina VPN ya kulipia (programu inayofunga data yako na kuipitisha kwenye kompyuta ya mbali), nikiiwasha meli haitaona ninachofungua, basi kifurushi cha bei poa kitanifungulia kila kitu. Nilijiona mjanja kweli.

Jioni ya kwanza nimejilaza, naiwasha. Inaunganisha, inaunganisha. Nikahama seva (hizo kompyuta za VPN za nchi mbalimbali): Uholanzi, Ujerumani, Singapore, kote huko hola. Nikiizima, ujumbe unaingia bila shida. Nikapoteza siku mbili nzima kufuta programu na kuiweka upya, na kuipakua kwa kasi ile ilikuwa adhabu tosha. Siku ya tatu nikaenda kwenye dawati lao la intaneti. Kijana wa pale hakubishana hata kidogo, akanionyesha mstari kwenye masharti niliyoyakubali bila kusoma: kwenye kifurushi hiki VPN hairuhusiwi, kwenye cha juu yake inaruhusiwa. Nikalipa tofauti ya siku zilizobaki. Dakika ile ile ikashika.

Baadaye ndipo nikaelewa. Kifurushi cha chini kinaishi kwa kuchuja: huyu apite kwenye ujumbe, asipite kwenye video. VPN inamfunga mchujaji kitambaa machoni, kwa hiyo rahisi kwake ni kuikataa yote mlangoni. Mimi nilikuwa natafuta hitilafu, kumbe ni biashara ya watu.

Haya, uliitumia kwa kazi gani, ilishika au iligoma, ukafanyaje? Yaliyokukuta wewe, si ya "nasikia".

Chumba cha Ndani

Langu fupi. VPN yangu nimeiwekea ijiwashe yenyewe, na ikikatika izuie kila kitu. Nimepanda meli, nimejiunga na Wi-Fi, ule ukurasa wa kuingiza namba ya chumba haufunguki. Nusu saa nzima. Kumbe VPN inasubiri intaneti ili iunganike, na meli inasubiri niingie kwenye ukurasa wake ili inipe hiyo intaneti. Kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia". Zima VPN, ingia, kisha iwashe. Wenye Android angalieni pia DNS ya faragha (mpangilio wa kutafutia anwani za tovuti): kama umeiandikia seva maalumu, nayo inaweza kuuzuia ukurasa huo huo.

Mpanda Mawimbi

Hii ilinikuta pia! Nilidhani nimekosea namba ya chumba.

Fundi Antena

Naomba niingie kwa upande wa mitambo, maana nimefanya kazi za setilaiti na nimesafiri kama abiria mara nne. "Meli ina intaneti" ni kauli isiyosema kitu mpaka ujue ni setilaiti gani. Zile za miaka yote zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ombi lako linapanda huko, linashuka kwenye kituo cha ardhini, jibu linapanda tena na kushuka tena. Hata kwa mwendo wa mwanga ni karibu nusu sekunde, hapo hujahesabu foleni ya abiria wenzako. Setilaiti za Starlink ziko kama kilomita 550 tu. Royal Caribbean walitangaza mwaka 2022 kwamba wanazifunga kwenye meli zao, kampuni nyingine nazo zikafuata, na ndiyo maana siku hizi unamkuta mtu katikati ya bahari anaongea kwa video kama yuko sebuleni.

Sasa VPN inaharibu wapi? Kwenye zile setilaiti za juu huwa kuna mtambo wa kuidanganya kompyuta yako, kwa nia njema. Ukituma kitu, mtambo ulio melini unajibu "kimepokelewa" papo hapo, badala ya kukuacha usubiri jibu la kweli lizunguke angani, hivyo data inaendelea kutiririka. Lakini ili ufanye hivyo lazima usome vichwa (maelezo ya juu) vya pakiti za TCP, yaani vipande vya data vinavyotumwa kwa kusubiri uthibitisho. Ukiwasha VPN, vichwa vyote viko ndani ya bahasha iliyofungwa. Mtambo hauoni kitu, na wewe unarudi kwenye nusu sekunde yako kwa kila salamu. Hapo ndipo mtu anasema VPN yake mbovu.

Safari yangu ya pili ilikuwa meli ya namna hiyo. Bila VPN ukurasa sekunde tano, ukiiwasha ishirini na zaidi. Nikaizima kwanza, nikaangalia anwani yangu ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni) inasoma nchi gani. Ilisoma Marekani, na sisi tunaelea Mediterania, Italia naiona kwa macho! Maana yake data yetu ilikuwa inaingia kwenye intaneti ya dunia ikitokea Marekani. Nikachagua seva ya huko, nikaiacha ya Italia, mambo yakawa afadhali. Wengi wanatafuta seva iliyo karibu na meli. Tafuta iliyo karibu na pale data inapotokezea.

Halafu itifaki, yaani namna VPN inavyosafirisha data. Ya WireGuard inatumia UDP (kutuma bila kusubiri uthibitisho), kwa kawaida porti 51820; porti ni kama namba ya mlango. OpenVPN ya kawaida ni UDP 1194. Kama kifurushi chako kinaruhusu VPN na bado inagoma, jaribu OpenVPN kwa TCP porti 443, ile ile inayotumiwa na kurasa za https, zile zenye ulinzi. Ni nzito zaidi ila hupita. Nimesema KAMA kinaruhusu. Ukipenyeza kinyume cha masharti ukakatiwa, hela yako usiidai hapa.

Mama Safari

Mimi sikutaka video wala nini, nilitaka benki tu. Bila VPN, benki ikaona naingia kutoka nchi ambayo sijawahi kukanyaga, ikanizuia. Nikawasha VPN kwa seva ya nchi yangu, ikanizuia tena. Nadhani anwani ile inatumiwa na watu chungu nzima. Ikaniambia nithibitishe kwa namba ya siri itakayokuja kwa SMS. SMS ipi, na simu iko kwenye hali ya ndegeni kwa kuogopa gharama za mtandao wa simu wa melini?

Safari iliyofuata nikajipanga. Nikaweka ile programu ya kutengeneza namba za uthibitisho, ambayo haihitaji mtandao kabisa. Siku ya nne namba zote zinakataliwa. Nikalia kidogo, sitaficha. Mwanangu ndiye aliyegundua: meli ilitangaza saa zisogezwe mbele, na mimi nikasogeza saa ya simu kwa mkono. Zile namba zinatengenezwa kwa kufuata saa. Ukibadilisha ukanda wa saa, simu inajua muda wa dunia ni ule ule; ukisogeza mshale kwa mkono, umeidanganya kwamba saa nzima imepita. Nikarudisha, nikabadilisha ukanda, namba ya kwanza tu ikakubali.

Fundi Antena

Dada, hili la saa sijawahi kuliona popote. Nakupa heshima zako.

Kauzu

Mimi nitauliza swali la kuudhi. Kwani mnaihitaji ya nini? Benki, barua pepe, maduka, vyote viko kwenye https, vimeshasimbwa (vimegeuzwa fumbo) kabla havijatoka kwenye simu yako. Jirani wa chumba cha pili hawezi kusoma nywila yako hata akeshe. Mimi nimesafiri wiki mbili bila VPN, sijaibiwa hata shilingi. Hofu nyingine tunauziwa na hao hao wauza VPN.

Fundi Antena

Kauzu kwa hilo uko sahihi kwa kiasi kikubwa. Kinachobaki wazi ni majina ya tovuti unazofungua: mwenye Wi-Fi anaweza kuyaona hata kama haoni yaliyomo. Kwa mwingine hilo si kitu, kwa mwingine ni kitu. Na kuna watu ambao mwajiri hawaruhusu kuingia bila VPN, hao hawana mjadala.

Lapto Begani

Hao ndio sisi. Nilimwambia bosi nitafanya kazi asubuhi, jioni nitakuwa likizo. VPN ya ofisi ikaunganika vizuri kabisa, alama ya kijani. Ujumbe mfupi unakwenda. Barua pepe yenye kiambatisho inakwama, ukurasa wa ripoti unafunguka nusu na kuganda. Nikazunguka meli nzima nikitafuta "mtandao mzuri", hadi karibu na bwawa la kuogelea, lapto mkononi, watu wananitazama.

Mtu wa IT wa ofisini ndiye aliyeniokoa: punguza MTU. Yaani ukubwa wa kila pakiti. VPN inaongeza bahasha juu ya pakiti, bahasha inazidi kipimo cha njia ya meli, pakiti kubwa zinadondoka kimyakimya na ndogo zinapita. Akaishusha hadi 1280, ripoti ikafunguka. Kwa hiyo ukiona imeunganika lakini vikubwa tu ndivyo vinakwama, usihangaike kuzunguka sitaha kama mimi.

Mikutano ya video niliisamehe. Nilizima kamera, na hata sauti yenyewe nilikuwa najibu swali lililoulizwa, watu wameshahamia lingine.

Mtu wa Sitaha ya Chini

Nyie abiria mnalalamika kwa siku kumi, sisi wenye mkataba wa miezi tuseme nini? Niko jikoni melini mwaka wa sita. Wafanyakazi tuna vifurushi vyetu tofauti. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 ulirekebishwa, na marekebisho yake yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanamtaka mwenye meli awape mabaharia mawasiliano ya intaneti pale inapowezekana, na kama anatoza, bei iwe ya haki. "Ya haki" kila mtu anaipima kwa mizani yake, tuliache.

Kuhusu VPN: kama unalipa kwa kiasi cha data, kumbuka bahasha ile aliyoisema ndugu hapo juu nayo unailipia. Mimi nawasha nikiwa na jambo la faragha, nikimaliza nazima. Na nitawapa siri ya jikoni: usihukumu VPN kwa kuijaribu saa mbili usiku, siku ya baharini, wakati kila abiria anapakia picha za machweo. Jaribu alfajiri, au siku ya bandari watu wakishuka. Siku hiyo hata seva ya mbali inakimbia.

Dakika Zangu

Hii ni ya zamani kidogo, enzi za kulipia kwa dakika. Nimemaliza kusoma barua pepe, nataka kujitoa ili dakika zisiendelee kuhesabika. Ukurasa wa kujitoa haufunguki. Kwa nini? Uko kwenye mtandao wa ndani wa meli, na VPN inapeleka kila kitu nje. Nikaona basi, nikafunga lapto nikaenda kula. Nilivyorudi, dakika 70 zimeyeyuka. Zima VPN kwanza, ndipo ujitoe.

Kauzu

Dakika 70! Ulikula nini hicho?

Tanga Kuukuu

Mmesahau sheria za nchi mnazotia nanga. China inaruhusu VPN zilizoidhinishwa na serikali tu. Falme za Kiarabu, ukitumia VPN kufanya kosa, faini inaanzia dirhamu 500,000. Mimi nilipofika maeneo hayo niliizima kabla ya kushuka, nikaacha kujadili. Na msishangae intaneti ya meli yenyewe ikizimika bandarini: ndani ya maili 12 za baharini kuna serikali ya watu, na mitambo ya setilaiti inahitaji kibali chake.

Jingine: nilibeba ruta ndogo ya safari, niweke VPN humo na kugawia familia nzima kwa kifurushi cha kifaa kimoja. Ilichukuliwa kwenye ukaguzi wa mizigo, nikapewa karatasi, nikarudishiwa siku ya mwisho. Ilikuwa kwenye orodha ya vitu visivyoruhusiwa. Nayo sikuisoma.

Bado Sijapanda

Asanteni wakuu, nasafiri mwezi ujao. Swali: naweza kuiacha VPN imewashwa muda wote na kuendelea kutumia programu ya meli, ile ya ratiba na kuweka nafasi mezani?

Chumba cha Ndani

Ile nayo inazungumza na mtandao wa ndani, kwa hiyo VPN ikiwa imewashwa inaweza isifunguke. Kwenye mipangilio ya VPN tafuta pa kuziruhusu baadhi ya programu zipite nje yake, weka ya meli humo, ukiwa bado nchi kavu. Mimi sikufanya hivyo. Niliweka nafasi ya saa moja usiku, ikanionyesha imekubali, nikafika mlangoni na mke wangu tumependeza, jina halipo. Tulikula piza sitaha ya juu tukiwa na suti.