Bloku ziko Dar, bima wamerudisha fomu TENA

Mama Zuhura, South B
Shikamooni wakubwa. Leo ni mara ya tatu nageuzwa dirishani, LOU, barua ya bima ya kukubali kulipa hospitali, ya operesheni ya mdogo wangu haijatoka. 2019 alitolewa uvimbe wa kongosho huko Dar, ile neuroendokrini, ya seli za homoni, inayokwenda polepole, sio ile kansa ya kongosho mnayoijua. Sasa imerudi, madoa mawili kwenye ini, daktari wa hapa anasema yanakatika. Bima ripoti hawaitaki wanataka bloku zenyewe, vile vinyama vya kwenye nta. Swali: zinavukaje mpaka wa Namanga kuja Nairobi? Natia kwenye mkoba tu au kuna karatasi?

Mdau Umoja
Pole dada. Hamia NHIF.

Bi Kasarani
NHIF ipi wewe? Bima ya taifa ya Kenya iliyoitwa hivyo imeondoka 1/10/2024, sasa ni SHA, na mgeni anajiandikisha akiwa mkazi zaidi ya miezi 12. NHIF iliyobaki ni ya kwetu Tanzania. Uliza kwanza ndio ushauri.

Mdau Umoja
Sawa mwalimu.

Baba Abdul, Eastleigh
Mama Zuhura hebu tazama namba ya ugonjwa kwenye fomu. Ya mke wangu karani alijaza C25.9, yaani kongosho basi, bima wakaona imeshafika kwenye ini wakasema hapa hakuna kukata. Daktari akafuta kwa biro akaandika C25.4, upande wa homoni, Alhamisi LOU hiyo. Na ile picha ya PET ya kutafuta uvimbe mwilini iwe ya galiamu, ile ya sukari hizi za polepole mara nyingi haizioni. Mke wangu walichukua mkia wa kongosho na bandama, mwaka wa pili ini, leo yuko jikoni ananigombeza, ila asahau vidonge vya enzaimu ale chapati, choo hakimwachi.

Mzee Ngara
Kuna mizizi naijua mimi.

Bi Kasarani
Mzee tafadhali. Steve Jobs alikuwa na hii hii, akachelewesha kisu miezi 9 kwa tiba mbadala.

Mzee Ngara
Na akafa 2011, mwaka tuliopanga foleni Samunge, Loliondo, kwa Babu, kikombe cha dawa yake shilingi 500. Nililala kwenye lori siku mbili, baridi ile! Ila watu tuligawana hata maji, hapa jirani simjui jina.

Mama Zuhura, South B
Kweli imeandikwa C25.9, Baba Abdul Mungu akuweke. Sasa bloku jamani? Kaka yangu anapanda basi kesho alfajiri.

Mdau Umoja
Kesho? Mwambie anibebee mchele wa Kyela kilo tano, namtumia hela sasa hivi.