Waandaaji wa marathoni ya Dar: mmemsubiri mgeni rasmi dakika 55, halafu mmetufungia mbio kwa saa ya kwenye bango

Wakuu, salamu kwenu.

Nilisema nisubiri hasira zishuke kwanza ndiyo niandike. Hazijashuka, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Jina la mbio silitaji maana sitaki uzi ufutwe kabla watu hawajausoma. Aliyekuwepo Jumapili anajua nazungumzia zipi, na asiyekuwepo ashukuru Mungu wake.

Kwenye bango, kwenye fomu ya usajili, kwenye ujumbe wa simu waliotutumia Ijumaa, kote imeandikwa kitu kimoja: km 42 zinaanza saa 11:30 alfajiri, na muda wa mwisho wa kumaliza ni masaa sita. Nimelipa TSh 50,000 kwa masharti hayo. Mimi si mkimbiaji wa kasi na sijawahi kujidai hivyo. Nikiwa vizuri namaliza kwa masaa matano na nusu, kwa hiyo mbio za masaa sita zinanihusu, tena zinanihusu kwa maandishi.

Saa 11:15 tuko kwenye mstari. Watu wameshapasha, wameshakwenda chooni (waliofanikiwa, vyoo navyo vinastahili uzi wake). Saa 11:30 inafika, kimya. Emsii anatangaza mgeni rasmi yuko njiani. Baadaye kidogo, amekaribia. Baadaye tena, tumkaribishe mwalimu wa zumba atuchangamshe. Hivi kweli? Mtu anakwenda kukimbia kilomita 42 unamrusharusha zumba? Wale wa km 5 waliokuja na selfie zao walifurahi, sawa, lakini wao walikuwa wanaanza saa 1. Sisi tulikuwa tumesimama pale tunapoteza jasho bure na kile kichupa cha maji kimoja kimoja tulichokuja nacho mkononi kinaisha.

Msafara ukaingia saa 12 na ushei. Utambulisho wa meza kuu. Mwenyekiti wa kamati, mdhamini mkuu, mdhamini mwenza, mwakilishi wa mwakilishi. Halafu hotuba. Na humo kwenye hotuba akatajwa Alphonce Simbu, kwamba tuige mfano wake. Simbu huyu aliyetupa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Mjerumani! Watu wanashinda na kushindwa kwa mia ya sekunde, na nyie mnatuhubiria habari zake huku mmeshakula karibu saa nzima ya muda wetu.

Bunduki imelia saa 12:25. Hesabu mwenyewe.

Sasa kwa asiyekimbia, dakika 55 anaweza kuona ni ucheleweshaji wa kawaida wa Kibongo, tumeuzoea kwenye harusi na mikutano. Marathoni ya Dar inaanza gizani kwa sababu moja tu, joto. Kila saa unayoisogeza mwanzoni inaongezeka kule mwishoni, na kule mwishoni ndiko mtu hana kitu tena mwilini. Ukianza 11:30 na unamaliza kwa masaa matano na nusu, saa 5 asubuhi umekaa kivulini na medali yako. Ukianza 12:25, kilomita zako tano za mwisho unazikimbilia kuelekea saa 6 mchana, jua la utosi, unyevunyevu wa pwani, lami inarudisha moto usoni. Anayeumia hapo ni wa nyuma. Vijana wa mbele wanaomaliza kwa masaa mawili na kitu wao walishakunywa supu.

Haya, tukakimbia. Mzunguko wa kwanza sina malalamiko makubwa, niwe mkweli. Toure Drive upepo mzuri, Daraja la Tanzanite zuri, Barack Obama Drive watu wamejitokeza kushangilia. Pale Feri akina mama wa samaki walikuwa wanamshangilia mwenzao mmoja tuliyekuwa tunakimbia naye, mama wa makamo wa klabu ya jogging ya Mbagala, mpaka raha. Kumbe ndiyo ilikuwa mwisho wa raha.

Mzunguko wa pili tumekuta meza za maji zimekauka. Kisa? Waliwaachia watu wa km 5 na km 10 wapite kwenye meza hizo hizo, maelfu ya watu, kila mmoja anachukua chupa mbili, moja anakunywa na nyingine anajimwagia kichwani apigwe picha. Siwalaumu, walikuta maji wakachukua. Namlaumu aliyepanga meza moja kwa mbio nne bila kutenga akiba ya wale ambao lazima wapite hapo mara ya pili. Kanuni za riadha za kimataifa kwa mbio ndefu zinataka vinywaji kila baada ya kilomita tano hivi. Sisi km 25 tulikuta maboksi matupu, km 30 tukakuta meza haipo kabisa, imebaki alama ya miguu ya meza kwenye nyasi. Halafu baada ya hapo unapanda daraja. Wanaolijua Daraja la Tanzanite wananielewa: zaidi ya kilomita moja juu ya bahari, hakuna kivuli hata cha nguzo, na maji unayaona chini kibao, ya chumvi.

Mimi nilikuwa na hela kwenye soksi. Nilinunua maji kwa machinga karibu na Salenda, na yule kijana akampa yule mama wa Mbagala chupa bure alipomwona hali yake. Kwa hiyo wakuu, kituo cha maji pekee kilichofanya kazi mzunguko wa pili wa marathoni yenye wadhamini kibao ni ndoo ya machinga.

Kwenye km 34 kijana mmoja mbele yetu akaanza kuyumba, anaongea vitu havieleweki, mara chini. Ngozi inawaka. Yeyote aliyesoma hata ukurasa mmoja kuhusu mbio kwenye joto anajua dalili hizo: joto la mwili likivuka nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, unampoza kwanza, hapo hapo, kwa barafu au maji baridi, ndipo unamsafirisha. Una kama nusu saa tu ya kumwahi. Tukampakia kwenye bajaji (ya msamaria, siyo ya kamati) mpaka hema la huduma ya kwanza. Wale vijana wa pale walijitahidi, sitawasema vibaya. Lakini barafu hawakuwa nayo! Barafu ilikuwepo, wakuu. Ilikuwa kwenye hema la wageni maalumu, imepoza soda. Ilibidi mtu akimbie kwenda kuomba ndoo ya barafu kwa mhudumu wa soda. Kijana amesharuhusiwa hospitali, anaendelea vizuri, alhamdulillah. Ila hiyo ni bahati, nyie waandaaji msijipigie makofi.

Na kama mnadhani naongeza chumvi kuhusu joto na maji, ulizeni Chicago mwaka 2007. Ile ni moja ya marathoni kubwa kuliko zote duniani, ina pesa, ina uzoefu, na bado joto likawazidi, wakimbiaji wakalalamika maji yamewaishia, mbio zikasimamishwa katikati na mtu mmoja alifariki. Leo kule unapokimbia unaonyeshwa bendera ya rangi kukujulisha hali ya hewa imefikia hatua gani ya hatari. Sisi bendera zetu zote zilikuwa na nembo ya mdhamini.

Sasa tufike kwenye kilichonifanya nifungue uzi.

Saa 5:30 asubuhi kamili, barabara ikafunguliwa kwa magari. Wakati huo bunduki ina masaa matano na dakika tano tu tangu ilie. Nilimuuliza trafiki kwa adabu, akanijibu kwa adabu, "Kaka, kibali chenu kinaishia saa tano na nusu, mimi natekeleza." Sina ugomvi naye. Kibali kiliandikwa kwa kuanza 11:30, masaa sita, kinaisha 5:30. Mlipochelewa dakika 55, hamkupiga simu kuomba kisogezwe mbele dakika 55. Simu moja! Mmechelewa nyie, mkalipia kuchelewa kwenu kwa muda wa watu wa nyuma. Tukaanza kugombania njia na bodaboda na daladala, tuna kilomita 40 miguuni, mtu hata kuruka mtaro hawezi.

Akaja kijana wa kamati kwenye pikipiki na kipaza sauti: "Pandeni gari, mbio zimeisha." Zimeisha kwa saa ya nani? Yule mama alimwambia, mwanangu, mimi nimeamka saa nane usiku Mbagala kuja hapa, gari lako mpande na mwenyekiti wako. Tukapita pembeni kwenye vumbi, tukaendelea.

Nimefika mwisho saa 6:05 mchana. Masaa matano na dakika 40, ndani ya muda wenu mliouandika wenyewe. Nimekuta nini? Geti la hewa limelala chini kama puto la sherehe ya jana, mikeka ya kusomea chipu za muda imekunjwa imepakiwa kwenye Canter, viti vinahesabiwa. Mama kafika nyuma yangu dakika chache. Anaulizia medali. Anaambiwa za 42 zimeisha, "chukua hii ya 10, zinafanana." Nimeshuhudia kwa macho yangu. Zimeishaje? Mna namba ya kila aliyejisajili na kulipia km 42! Medali hazinyweki kama maji.

Jumatatu matokeo yakatoka. Jina langu: HAKUMALIZA. La mama: HAKUMALIZA. Wote waliopita baada ya 5:30, HAKUMALIZA.

Nchi hii wakuu ndiyo ya John Stephen Akhwari. Marathoni ya Olimpiki, Mexico City 1968, ameumia goti, anaingia uwanjani kwa masaa 3:25:27, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi, wa mwisho kati ya waliomaliza wote, na dunia mpaka leo inamkumbuka. Kwa kamati hii angeambiwa apande pikapu, na kwenye matokeo angeandikwa kama sisi.

Najua wataalamu mtakuja: "kama huna kasi kimbia 10." Mkuu, kwenye marathoni kubwa za London na New York mtu wa kawaida anamaliza kwa zaidi ya masaa manne, na wa masaa sita wamejaa tele. London hao hao mwaka 2019 walipata aibu, wakimbiaji wa mwisho walitukanwa na watu wa usafi huku barabara inaoshwa pembeni yao. Mkurugenzi wao alijitokeza akaomba radhi hadharani, na sasa wana kikosi kinachotembea na watu wa nyuma kabisa mpaka wafike. Kosa linaweza kutokea popote. Sisi tumetumiwa ujumbe wa "mbio zimefana, usajili wa mwakani upo wazi, wahi punguzo."

Ninachotaka hakihitaji mdhamini mpya. Matokeo ya km 42 yarekebishwe kwa wote waliofika kabla ya saa 6:25 mchana, picha zipo, saa za mkononi zipo, kamera za kwenye lango zipo. Medali za 42 ziwafikie wenyewe. Na mwakani bunduki ilie kwa saa, mgeni rasmi akichelewa atawakuta watu wanarudi, awavalishe medali, ndiyo kazi nzuri zaidi ya mgeni rasmi kwenye marathoni.

Mliokuwa nyuma kama mimi, wekeni hapa mlimaliza saa ngapi na mmeandikwa nini kwenye matokeo. Picha za meza tupu pia, kama unayo.

NYONGEZA: Kwa mnaouliza kama nimewasiliana nao kabla ya kuja hapa: nimetuma barua pepe, nimepiga namba ya kwenye tovuti, haipokelewi. Namba ya usajili wa mwakani inapokelewa mlio wa kwanza.

NYONGEZA 2: Uzi umewafikia. Nimetafutwa faragha na mtu anayejitambulisha ni wa kamati, lugha laini, "kaka yangu tuyamalize", nimtumie picha ya saa yangu atanirekebishia matokeo na medali italetwa na boda mpaka nyumbani. Nimemuuliza, na wengine? Akasema tuanze na wewe kwanza. Nimekataa, na jibu langu naliweka hapa ili asiseme hakulipata: orodha nzima ya waliofika kabla ya 6:25, au msinitafute. Mpaka sasa kwenye maoni wameshajitokeza wengine wa aina yangu, na yule mama nimempata kupitia klabu yake, naye yumo. Endeleeni kuweka muda wenu, nakusanya yote kwenye orodha moja, wiki ijayo tunaipeleka kwa mkono ofisini kwao na nakala kwa shirikisho la riadha.