Naomba ushauri: kubadili kontroli boksi ya Mark II ya zamani

Kisiki_Huru (mleta mada): Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Mark II ya 1994, toleo la JZX90, enjini 1JZ. Siku hizi imekuwa nzito, nikikanyaga mafuta haichangamki, na kwenye foleni inatetemeka mpaka usukani. Fundi wangu kapata kontroli boksi (ile kompyuta ya enjini) yenye nguvu zaidi, anasema tukiifunga gari itapaa. Aliyewahi kubadili anijuze, je, itakula mafuta sana? Mwisho wa mwezi naenda Dodoma na familia, sina amani.

Mama_Wawili: Pole kaka. Mimi ningeuza hilo gari nichukue IST. Ukishakuwa na familia, mbio za nini?

Mzee_wa_Bonde: Kijana, ulaji wa mafuta uko kwenye mguu wako. Enzi zangu nilikuwa na BMW E30. Boksi yake ya Bosch ilikuwa na chipu ya miguu 28, unaichomoa unachomeka nyingine kama laini ya simu. Mlima Kitonga nilikuwa naupanda nikiimba! Zile ndizo zilikuwa gari.

Spana_Kumi: Mkuu, hiyo boksi imetoka kwenye gari gani? Na 1JZ yako ni GE au GTE?

Kisiki_Huru: Kwani si enjini ileile? Mimi nimeuliza kuhusu mafuta.

Spana_Kumi: Siyo ileile. GE haina turbo, farasi 180. GTE ina turbo mbili, farasi 280. Jibu swali.

Kisiki_Huru: Haya. Yangu ni GE, otomatiki. Boksi imetoka kwenye GTE ya manyuo, ile ya gia za mkono. Lakini fundi ni mzoefu, anasema atahamisha waya mmoja mmoja. Na nusu ya hela nimeshampa, sasa nirudi nyuma vipi?

Spana_Kumi: Hapo ndipo palipokuwa pamefichwa. Nozeli za GTE, zile zinazopuliza petroli kwenye enjini, ni kubwa, kwa hiyo boksi yake huzifungua kwa muda mfupi. Ukiifunga kwenye nozeli zako ndogo, enjini inapata hewa nyingi na petroli kidogo, inachemka, na pistoni zinaweza kuungua. Halafu boksi yako ndiyo inayoamuru gia za otomatiki. Ya manyuo haina kazi hiyo, nani atabadilisha gia?

Kachumbari: Jamani hii chai. Mtu anamiliki Mark II hajui kama ina turbo? Kesho mtaona tangazo la kuuza boksi.

Ndugu_Msafiri: Hata mimi nimenusa. Gari nzito, mara Dodoma, mara fundi mzoefu. Weka picha.

Kisiki_Huru: Siuzi kitu, naomba mnielewe. Gari aliniachia marehemu kaka, mimi ni wa kuendesha tu. Boksi ya zamani ninayo hapa mezani, lebo yake inaanza na 89661. Fundi aliifungua, ndani inanuka kama samaki aliyelala, na pembeni ya vile vidude vya duara bodi imeota ukijani.

Spana_Kumi: Kachumbari, huyu hadanganyi, harufu hiyo haitungwi. Mkuu, hivyo vidude vya duara ni kapasita, vinatunza umeme kwenye bodi, na zimevuja, ugonjwa wa boksi nyingi za Toyota za miaka hiyo. Maji yake yanakula njia za shaba kwenye bodi, ndiyo maana gari inatetemeka na haina nguvu. Mpelekee fundi wa redio anayejua kulehemu. Aweke kapasita mpya za mikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) zilezile, volti zisipungue, za kuhimili joto la nyuzi 105, asafishe bodi kwa spiriti na kuunga njia zilizolika. Boksi ya turbo rudisha.

Kachumbari: Basi yaishe, pole kwa msiba. Mtaa wa Gerezani, Kariakoo, wapo wanaofanya hiyo kazi.

Kisiki_Huru: Fundi akigoma kurudisha hela?

Mama_Wawili: Ameshakata waya wowote kwenye gari?

Kisiki_Huru: Ndiyo, wa plagi moja ya boksi.

Spana_Kumi: Mpigie sasa hivi aweke koleo chini. Hela mtadaiana baadaye.