Ulinganisho: mwaka mrefu kwa mzunguko wa 4, 33, 128, 400 au 900, upi unaishika sikusare?

HesabuZaFalaki
Wakuu, salaam. Mwaka mrefu ni ule wenye siku 366 badala ya 365. Tuipime mizunguko ya kuuweka kwa kipimo kimoja: upi unaizuia sikusare ya Machi, yaani ule wakati Jua linapovuka ikweta kwenda kaskazini, isihame kwenye tarehe yake.

Kuna namba mbili zinazochanganywa sana. Mwaka wa Jua wa wastani ni siku 365.24219. Lakini kutoka sikusare ya Machi hadi nyingine ni wastani wa siku 365.24237, kwa sababu njia ya Dunia si duara kamili na mwendo wake hauna kasi moja. Tofauti ni kama sekunde 16 tu kwa mwaka, ila ndiyo inayogeuza mshindi.

Nikitumia hiyo ya pili:

Juliasi (kalenda ya kale ya Roma, mwaka mrefu 1 katika 4): kosa la siku moja kila miaka 131 hivi.
Gregori (kalenda yetu ya kawaida, 97 katika 400): siku moja kwa miaka 7,700 hivi.
Milanković (kalenda ya baadhi ya makanisa ya Kiorthodoksi, 218 katika 900): miaka 6,700 hivi, upande wa pili, yaani mwaka wake ni mfupi mno badala ya mrefu mno.
128 (31 katika 128): miaka 5,500 hivi, upande wa pili pia.
33 (8 katika 33): zaidi ya miaka 18,000.

Kura yangu ni 33.

biti_saba
Mkuu, umewaonea 128 na 900. Rudisha 365.24219 uone: Milanković anakosea siku moja kwa miaka kama 30,000, na 128 karibu hakosei kabisa. Tena kanuni ya 128 ni nyepesi: kila mwaka wa nne ni mrefu, isipokuwa ukigawanyika kwa 128. Kwenye programu unaangalia biti 7 za mwisho, yaani tarakimu za 0 na 1 ambazo kompyuta huandikia namba. Zikiwa sifuri zote, mwaka ni mfupi.

Ya Milanković, iliyopitishwa Konstantinopoli mwaka 1923, inasema mwaka wa karne ni mrefu ukigawanywa kwa 900 ukabaki 200 au 600. 2000 inabaki 200, sawa. 2400 inabaki 600, sawa. 2800 inabaki 100, hivyo ni mfupi, wakati kwa Gregori ni mrefu. Kalenda hizo mbili zitaachana hapo.

HesabuZaFalaki
Lakini swali ni sikusare, si wastani. Kosa hilohilo limo kwenye programu za kalenda ya Iran zinazotumia mzunguko wa miaka 2,820 wenye miaka mirefu 683. Wastani wake ni 365.2422, mzuri kwa macho.

Sheria halisi ya Iran: sikusare ikitokea kabla ya adhuhuri kwenye longitudo 52.5 mashariki, siku hiyo ni Nowruz, mwaka mpya wa Iran. Ikipita adhuhuri, ni kesho yake. Mwaka 2025 sikusare iliangukia Machi 20, saa 6:31 mchana kwa saa za Tehran. Adhuhuri ya kweli ilikuwa imepita kwa dakika zisizofika 25. Nowruz ikawa Machi 21, na mwaka 1403 wa Iran, uliokuwa ukiisha, ukawa mrefu. Mzunguko wa 2,820 uliufanya 1404 kuwa mrefu, kwa hiyo programu zake zilianza mwaka mpya siku moja mapema. Ule wa 33 ulipatia.

tarehe_na_wiki
Mnapima kuhama, mnasahau kuyumba. Gregori kwa wastani hahami haraka, ila ndani ya mzunguko wake anayumba vibaya. Kutoka 1896 hadi 1904 hakukuwa na mwaka mrefu, sikusare ikasukumwa hadi jioni ya Machi 21, 1903. Baada ya hapo 2000 haikurukwa, na kila miaka minne sikusare inarudi nyuma kama dakika 44, hadi mchana wa Machi 19, 2096, saa za Greenwich. Jumla ni saa 53. Kati ya hizo, 18 ni mchezo wa kawaida wa kila miaka minne. 35 zinatokana na kurundika marekebisho kwenye miaka ya karne.

Ukisambaza nyongeza sawasawa, kuyumba hakufiki siku moja. Kwa 33 ni siku 32/33, yaani saa 23 na dakika 16. Hapo 128 ya biti_saba inaponzwa na muundo wake: inarundika pia, ingawa si kama Gregori.

Ila Gregori ana moja la kumtetea: miaka 400 ni siku 146,097, wiki 20,871 kamili. Ya 33 inaacha siku 6 juu ya wiki.

biti_saba
Nakubali kwa kuyumba. Lakini nani atahesabu baki ya 33 kichwani? Gregori unaangalia tarakimu mbili za mwisho, na zikiwa 00 mbili za mwanzo, umemaliza.

HesabuZaFalaki
99 ni 33 mara tatu, kwa hiyo kata mwaka jozi mbilimbili ujumlishe. 1403: 14 + 03 = 17. 1408: 14 + 08 = 22. 1399: 13 + 99 = 112, kisha 1 + 12 = 13. Jumla ikizidi 33, toa 33 hadi ishuke. Kwa miaka ya Iran, mirefu ni yenye baki 1, 5, 9, 13, 17, 22, 26 na 30. Ona ruko la miaka mitano kati ya 17 na 22. Ndilo linalobeba marekebisho yote.

Kaskazi_Kusi
Pwani yetu ina mfano wa kutoongeza kitu kabisa. Hesabu ya Nairuzi, iliyo nyuma ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Zanzibar, ni miongo 36 ya siku 10, na siku 5 juu yake. Basi. Ukiiacha ijiendee, kwa miaka 41 inapotea karibu mwongo mzima: tuseme pepo iliyokuwa ikiingia mwongo wa 9 sasa inaingia wa 10. Kwa baharia anayesubiri kusi hilo si dogo.

Ethiopia wao wanaongeza kila mwaka wa nne bila kuruka karne. Mwaka mpya wao, ambao sasa ni Septemba 11 au 12, utakuwa 12 au 13 baada ya Februari 2100.

tarehe_na_wiki
Na hizo 18,000 zisiwalevye. Dunia inapungua kasi ya kujizungusha kwenye mhimili wake, na urefu wa mwaka kwa siku unabadilika. Kupita miaka elfu chache hakuna kanuni ya namba tupu itakayosimama.

Kinachoua kalenda mapema ni utekelezaji. Makuhani wa Roma walihesabu "kila wa nne" kwa kujumlisha na mwaka wa kuanzia, wakawa wanaongeza kila wa tatu. Augusto akalazimika kusimamisha nyongeza kwa muda. Sweden ilipanga kuruka miaka mirefu kuanzia 1700, ikasahau kuruka 1704 na 1708, ikarudi Juliasi mwaka 1712 kwa kuweka Februari 30.

biti_saba
Haya, kwa wanaoandika programu: mwaka wa Iran ni mrefu kama (8 × mwaka + 29) ukigawanywa kwa 33 unabaki chini ya 8. Jaribuni 1399, 1403 na 1408: baki ni 1, 0 na 7. Kisha 1404 na 1407: 8 na 32, si mirefu. Mkikuta 1404 inapita kama mrefu, maktaba yenu ya programu inatumia mzunguko wa 2,820, badilisheni.