Tupeane uzoefu: magemu mnayocheza na familia nyumbani, na habari zake mnazifuatiliaje?

Mwanzisha mada (Morogoro)

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu ni wa wale wanaocheza gemu nyumbani na watu wao: mke, mume, watoto, wadogo zetu, hata wazazi. Kila gemu zikitajwa, ninayoyasikia ni lawama tu. Mtoto kafeli, mtoto hasikii akiitwa, LUKU inaisha. Habari za mzazi aliyekaa na mwanawe kwenye mkeka, padi mbili (vile vidude vya kuchezea) mkononi, wakacheka mpaka jirani akauliza kuna nini, hazisemwi. Mimi naona hizo ndizo zinazofaa kusemwa.

Naanza na ya kwangu. Nina kijana yuko darasa la sita, mkimya sana. Ukimuuliza shule vipi, jibu ni "nzuri", basi, maongezi yameishia hapo. Ila tukiwasha mashine ya gemu, PS4, tukaanza kucheza mpira, mechi ya pili haiishi kabla hajaanza kuongea mwenyewe. Mwalimu wa hesabu kahamishwa. Rafiki yake kamnunia. Anataka kuacha kukaa dawati la mbele kwa sababu wenzake wanamtania. Nimelifikiria sana jambo hili, na naona kinachomfungua ni kwamba hatutazamani. Macho yetu wote wawili yako kwenye kioo, vidole vina kazi, hakuna anayehojiwa. Nikisimamisha mchezo ili nimgeukie na kumuuliza vizuri, ananyamaza palepale. Kwa hiyo sisimamishi. Naachia hata goli liingie, namsikiliza.

Habari za gemu nazo tunazifuatilia wote wawili. Mwaka 2023 jina la FIFA lilipotoka kwenye gemu letu la mpira, likaja EA Sports FC 24, alinijia kama kafiwa: "Baba, Messi ataondolewa?" Nikamwelezea kuwa jina FIFA ni la shirikisho, na EA, kampuni inayotengeneza gemu hilo, walikuwa wakililipia kulitumia. Haki za vilabu, ligi na wachezaji ni mikataba mingine kabisa, ndiyo maana sura na jezi zilibaki. Siku hiyo mtoto wa darasa la nne alielewa maana ya mkataba kuliko ningemfundisha kwa ubao.

Karibuni. Unacheza nini, na nani, na habari zake unazipata wapi?

---

Mzee wa Castolo (Mwanza)

Mkuu umegusa penyewe. Mimi ni wa PS2, ile mashine ya zamani, mpaka kesho. Kuna watu wanaiona takataka, lakini ile mashine iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na ilipoacha kutengenezwa Januari 2013 bado ilikuwa inatolewa magemu: za mpira, FIFA 14 na PES 2014, zote zilitoka kwa PS2.

Kwetu tulikuwa ndugu wanne na memori kadi moja ya MB 8. Kila mtu ana Master League yake (ligi ya timu yako ndani ya PES), nafasi haitoshi, hivyo kaka mkubwa akaweka utaratibu: ukitaka kuhifadhi yako, ukaombe ruhusa kwa mwenye ile unayotaka kuifuta. Tulikuwa tunajadiliana kama wazee wa ukoo wanaogawa shamba. Mdogo wangu alikataa katakata kufuta timu yake kwa sababu Castolo alikuwa anaongoza kwa mabao. Castolo huyo hayupo duniani, ni mchezaji wa kubuni wa Konami, lakini nyumbani kwetu alikuwa na heshima kumshinda Adriano wa Inter mwenye yale mashuti ya kuvunja nyavu.

Leo wanangu wana gemu ya kisasa, ila sikukuu tukikutana kwa bibi yao PS2 inatolewa kabatini. Watoto wa ndugu wote wanne wanapanga foleni, ukifungwa unatoka.

---

Mtu wa Tanga

Nyie ni watoto. Sisi ni wa kaseti, zile unapuliza kwa mdomo ndipo inawaka. Contra, gemu ya vita! Mnaingia wawili, na mwenzio akiishiwa roho anaweza kuchukua moja ya kwako akarudi vitani. Kaka yangu alikuwa anachukua bila hata kuniomba. Mpaka leo akinikopa hela ninamkumbusha.

---

Dada wa Temeke

Naomba nimtaje mama yangu. Mama hakuwa anajua hata padi inashikwaje. Kaka zangu walikuwa wanacheza Tekken 3, gemu ya kupigana, akapita sebuleni akitoka jikoni, mikono ina unga, akasema nipeni na mimi. Wakampa Eddy, yule Mbrazili anayepigana capoeira. Mnaojua mnajua: Eddy ukibonyeza vitufe ovyo anazunguka, anatupa miguu, huwezi kumsogelea. Mama aliwapiga wote wawili kwa zamu, akarudisha padi imejaa unga, akaenda kusonga ugali. Toka siku hiyo kila akisikia sauti ya Tekken anauliza, "Yule mcheza ngoma wangu yupo?"

Kwa hiyo mimi habari za gemu nazifuatilia kwa ajili yake. Tekken 8 ilipotoka Januari 2024 Eddy hakuwemo, nikaona nimtulize kwanza. Aprili wakamrudisha kama mhusika wa kulipia, nikampigia simu mama kazini kumpa taarifa. Akaniambia weka nije Jumamosi.

Na kwa mabinti humu: mtafuteni Sylvia Gathoni wa Kenya, anajiita Queen Arrow. Anacheza Tekken kwenye mashindano makubwa na ana udhamini wa Red Bull. Mdogo wangu wa kike alipomwona aliacha kusema gemu ni za wavulana.

---

Mama Watatu (Arusha)

Mimi nitaongea kama mama. Sizuii gemu, nacheza nao, lakini nasoma kwanza. Kwenye kava la gemu kuna namba ya umri. Za Ulaya zinaandikwa 3, 7, 12, 16 au 18. GTA V, gemu ya majambazi, ni 18, na haikuwekwa kwa mapambo. Mpira wa EA, kama FC 24, ni 3, ila ukiwa na 3 haimaanishi uondoke ukaenda sokoni, maana mle ndani kuna pakiti za wachezaji zinazonunuliwa kwa hela halisi na hujui utatoa nani. Ubelgiji mwaka 2018 walisema vitu vya namna hiyo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza zile pointi za FIFA za kununulia pakiti nchini humo. Habari hii niliisoma kabla sijanunua mashine, nikaamua mapema: hakuna kadi ya benki wala namba ya simu yenye hela itakayounganishwa. Wanangu wanacheza kwa wachezaji waliowapata kwa kushinda mechi, na wanawapenda kweli.

Lingine. Jirani aliniambia Shirika la Afya Duniani limesema gemu ni ugonjwa. Nikaenda kusoma. Kilichoingizwa kwenye orodha yao ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, ni hali ya mtu kushindwa kabisa kujizuia, gemu likatangulia mambo mengine yote ya maisha, akaendelea hata anapoona linamwumiza, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12. Mtoto anayelia ukizima kwa sababu alibakiza dakika mbili mechi iishe hayumo humo. Huyo mpe hizo dakika mbili amalize, halafu uzime.

---

Mwanzisha mada

Mama Watatu, asante sana. Hilo la dakika mbili wazazi wengi hatulijui. Mechi ya mtandaoni huwezi kuisimamisha, na ukichomoa waya mtoto anahesabiwa kushindwa. Sisi tumekubaliana kuitana kwa mechi: "hii ndiyo ya mwisho", na inakuwa ya mwisho kweli.

---

Baba wa Likoni (Mombasa)

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimesoma yote, nami nina langu, si la kuchekesha.

Kuna gemu inaitwa Tales of Kenzera: ZAU, ilitoka Aprili 2024. Aliyeongoza kuitengeneza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyetoa sauti ya shujaa Bayek kwenye gemu ya Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza baada ya kufiwa na babake. Kisa chake: kijana Zau, mganga mchanga, amefiwa na baba. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, wanaafikiana: nitakuletea roho tatu kubwa, nawe unirudishie Baba. Zau ana vinyago viwili, cha jua cha kupigana kwa moto karibu karibu, na cha mwezi cha kurusha barafu kwa mbali.

Mimi mzee wangu alitangulia mbele ya haki, na binti yangu mkubwa, wa miaka 15, alikuwa kipenzi cha babu yake. Hakulia matangani. Alikuwa akisaidia kugawa chai, akirudi chumbani anafunga mlango. Niliposikia ile gemu ina sauti za Kiswahili niliinunua. Ni ya mchezaji mmoja, kwa hivyo tulipeana zamu: yeye vita, mimi kuruka majabali. Kila Zau akitaja "Baba", kwa lugha yetu wenyewe, si maandishi ya chini, nilikuwa namwona bega lake linashuka. Tulipofika mbali kidogo akaniuliza kama na mimi ningekubali mapatano kama yale ili babu arudi. Tukaweka padi chini tukaongea mpaka adhana ya alfajiri. Akalia, nami nikalia naye.

Sitaki kuwaambia inaishaje. Watakaocheza wataona.

---

Mjomba (Columbus, Ohio)

Pole sana Baba wa Likoni, Mungu amrehemu mzee.

Mimi nacheza na mpwa wangu aliye Moshi. eFootball ya simu, ile iliyokuwa PES kabla hawajabadilisha jina mwaka 2021, ni ya bure na inatosha bando la kawaida. Kwao ikiwa saa mbili usiku huku kwangu ni saa saba mchana, na majira ya baridi ni saa sita, muda wa chakula kazini. Mtandao ukisuasua mpira unaganda, yeye ananipigia simu ya kawaida kuniambia, "Shikamoo mjomba, ulikuwa unafungwa." Dada yangu anasema hiyo ndiyo siku pekee mtoto anasalimia bila kukumbushwa.

---

Kijana wa Kinondoni

Kuhusu habari, jamani tuwe makini na video za "GTA VI inatoka wiki ijayo, bonyeza hapa". Trela ya kwanza ilitoka Desemba 2023, tukaambiwa 2025, ikasogezwa 26 Mei 2026, kisha 19 Novemba 2026. Tarehe zote hizo zilitoka kwa Rockstar wenyewe, watengenezaji wake. Tangu maonyesho makubwa ya gemu ya E3 yafutwe moja kwa moja Desemba 2023, kampuni nyingi zinatangaza mambo yao kwenye vipindi vyao zenyewe, hivyo nenda kwenye chanzo. Mimi na wadogo zangu tuna sheria: ukileta habari mezani, sema umeitoa wapi.

---

Mwalimu (Dodoma)

Naombeni ushauri. Mimi na mke wangu tunataka gemu ya wawili, yeye hajawahi kucheza. Mpira hautaki.

---

Mwanzisha mada

Mwalimu, tafuta It Takes Two, ya mwaka 2021. Haichezeki peke yako hata ukitaka, kioo kinagawanywa pande mbili. Ni ya mume na mke wanaotaka kuachana, wanageuka wanasesere. Kuna sehemu mume ana misumari na mke ana nyundo: yeye anarusha msumari ukutani, mke anaukamata kwa nyundo anabembea kuvuka. Msumari ukiukosea, mke anaanguka. Mimi na wangu tulianza kwa kulaumiana, baadaye tukawa tunahesabu "moja, mbili, rusha". Kama hajazoea padi, mpe jioni ya kwanza ajifunze kutembea na kugeuza kamera tu, usimharakishe. Halafu urudi hapa utuambie nani alikuwa na nyundo.