Taharuki ya kisaikolojia mjini kwa mtindo wa dokumentari: kamera begani, lenzi ndefu au simu?

SkriptiMkononi
Wakuu, skripti ni ya dakika 90. Mlinzi wa usiku anaanza kuamini kuna mtu anamfuata mjini, na mtazamaji hatakiwi kujua hadi mwisho kama ni kweli. Inatakiwa ionekane kama dokumentari: barabara haifungwi, taa ni zilezile za mtaani, wapita njia ni wa kweli. Kikosi ni watu sita. Njia ni tatu: kamera begani na lenzi pana (inayoingiza eneo kubwa) karibu na mwigizaji, tripodi ya mbali na lenzi ndefu ya 200 mm (inayovuta vilivyo mbali), au simu. Ipi inabeba hadithi hii, na kila moja inakwama wapi?

LenziNdefu
Ya mbali, mkuu. Mtu anayetazamwa kupitia mabega ya watu na magari yanayokatiza anaonekana kufuatwa kabla hajafungua mdomo. Pia wapita njia hawaikodolei kamera macho. Waliopiga The Naked City (1948) mitaani New York walificha kamera ndani ya gari kwa sababu hiyohiyo.

Inapokwama ni fokasi, yaani ukali wa picha. Kwa sensa ya fremu kamili (kubwa kama fremu ya filamu ya 35 mm), lenzi ya 200 mm kwenye f/4 (kipimo cha uwazi wa lenzi), mwigizaji akiwa mita 15, eneo lililo makini halifiki mita moja na nusu. Akija moja kwa moja kuelekea kamera kwa mwendo wa kawaida, analimaliza kwa sekunde moja hivi. Basi mpangie atembee akikatiza fremu, au mvuta fokasi, anayerekebisha ukali wa picha, awe mtu wa pekee mwenye alama alizopima mapema: nguzo, ukingo wa barabara, mlango wa duka.

BegaMoja
Napinga kuifanya nguzo ya filamu nzima. Dakika 90 za lenzi ndefu zinageuka kamera ya ulinzi: tunamwona mlinzi, hatuingii kichwani mwake. Hofu iko usoni, na uso unataka kamera iwe hatua mbili kutoka kwake. Lenzi ya 35 mm, f/4, mita 2: unapata takriban sentimita 80 za umakini, zinazotosha mtu kugeuka na kuinama bila picha kupotea.

Na tafadhali, msitikise kamera makusudi. Wapiga picha wa dokumentari hujitahidi sana kuituliza. Kinacholeta uhalisia ni kuchelewa. Mwigizaji anageuka ghafla, kamera inamfuata nusu sekunde baadaye kwa sababu mpiga picha hakujua. Njia ya kulipata hilo ni kutomwambia mpiga picha kila kitu: ajue mahali pa kuanzia na pa kuishia tu. Zima kitulizaji cha mtikisiko cha ndani ya kamera mnapotembea na lenzi pana, maana pembe za fremu hucheza kama uji.

TaaZaMtaa
Kabla ya kuchagua lenzi, angalieni taa, kwani ndizo zinazoharibu usiku mzima wa kazi. Umeme wa 50 Hz hufanya taa nyingi zimemete mara 100 kwa sekunde. Mkipiga fremu 24 kwa sekunde kwa shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/48 ya sekunde, picha inaweza kupumua, yaani kung'aa na kufifia. Wekeni 1/50, yaani pembe ya shata ya nyuzi 172.8. Penye 60 Hz, 1/60 ndiyo salama. Mabango ya LED yana mdundo wao, kwa hiyo pigeni jaribio la sekunde 20 mbele ya kila bango na mlitazame kwenye skrini kubwa.

Taa za zamani za sodiamu za shinikizo la chini hutoa karibu rangi moja tu ya njano. Nguo nyekundu chini yake haitarudi kuwa nyekundu hata mrekebishe vipi. Kama koti la anayemfuata mlinzi ni dokezo, msilitegemee kwa rangi. Litegemeeni kwa umbo.

Simu? Kwa vipande tu. Ikiachwa ijiamulie hubadilisha shata, rangi na hata kasi ya fremu katikati ya teki (upigaji mmoja usiokatizwa), kisha sauti iliyorekodiwa pembeni inaanza kupishana na midomo. Tumieni programu inayofunga vyote vitatu. Faida yake ni ndani ya basi au lifti, ambako kamera kubwa hubadilisha tabia ya kila mtu.

SautiKwanza
Mmesahau masikio. Kamera ikiwa mita 30, maiki iliyo juu yake inapokea sauti ikiwa imechelewa karibu fremu mbili, tena imezama kwenye kelele za barabara. Mwigizaji avae maiki ndogo kifuani, shibiri moja chini ya kidevu, na kirekodi mfukoni. Kitambaa cha sintetiki husugua na kuharibu mazungumzo. Pamba ni tulivu zaidi.

Kila eneo rekodini dakika tano za mtaa wenyewe, bila mazungumzo. Bila hizo, basi linalopita litakatika ghafla kila mhariri anapokata. Tena ndizo zitakazobeba akili ya mlinzi: picha ibaki ya kawaida kabisa, lakini mlio wa lifti ya kazini usikike kwa mbali sokoni. Mtazamaji ataingiwa na shaka, na hakuna kilichovunja sura ya dokumentari.

SkriptiMkononi
Nikichanganya begani na lenzi ndefu, haitaonekana filamu mbili?

MezaYaUhariri
Itaonekana hivyo ukichanganya ovyo. Ipe kila njia zamu yake: begani tunapokuwa naye, lenzi ndefu tu pale anapohisi kutazamwa. Baada ya nusu saa, tumia lenzi ndefu mahali ambapo hahisi chochote. Hapo swali linamhamia mtazamaji: nani anatazama?

Kosa linaloua mtindo huu ni kamera kumsubiri chumbani kabla hajafungua mlango. Shahidi huingia nyuma yake. Mtu wa koti aonekane nje ya fokasi katika maeneo matatu tofauti, kila mara akiwa kwenye shughuli ya kawaida, na kamera isimsogelee kamwe. Chembechembe za kuiga filamu ya zamani ziongezwe mwisho, baada ya rangi, tena kidogo: video ya mtandaoni ikibanwa huzigeuza vibonge.

LenziNdefu
Nakubali hiyo ya zamu. Nyongeza moja: kama kuna kisu au bastola ya kuigiza, msiitoe kwenye barabara isiyofungwa. Wapita njia na polisi hawaioni kamera iliyo mita 60. Onyesho hilo lipigieni ndani, au fungeni kipande cha barabara kwa kibali.