Kupiga mbizi Mafia, kisha kurudi Mbeya

Swali (Mbeya): Ndugu zangu, mwezi ujao nitakwenda kisiwani Mafia kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, kisha nitarudi nyumbani kwa basi. Je, safari hiyo ina hatari?

Jibu (Iringa): Ndugu, ipo. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na naitrojeni iliyoyeyuka mwilini huweza kutoa mapovu pale kanieneo ya hewa inapopungua. Kwa hiyo, baada ya mbizi za siku kadhaa, pumzika pwani angalau saa 18, ingawa mimi ningekaa 24, kabla ya kupanda mlima wa Kitonga ulio njiani kuja Iringa.

Jibu (Tukuyu): Tena usizuie pumzi kamwe. Masikio yaliniuma nikiwa mita tatu tu chini; nilibana pua, nikapuliza taratibu, yakazibuka.

Muulizaji: Asanteni sana. Tiketi nitaisogeza mbele siku moja.